Ubeti Ambao Haukuwa Wangu

Juzi nilikuwa saluni hapa Ruiru, nimeinamisha kichwa nikisukwa, redio ikapiga ule wimbo. Kama wewe ni rika langu unaujua: wale wasichana wawili waliorap mpaka wanaume wakaona aibu kushika maikrofoni. Nilijikuta nimeushika ubeti wa kwanza wote. Msusi, binti mdogo tu, akacheka. Ubeti wa pili ulipoanza, nikaacha.

"Aki endelea, mbona umestop?"

Ningeanzia wapi kumweleza?

Ningeanzia Thika, Makongeni, kwenye ploti yetu ya vyumba vya mstari mmoja na bomba moja uani. Nilikaa na shosho, nyanya yangu. Chumba kilichofuata walikaa jirani zetu waliotoka magharibi. Baba wa familia hiyo alifanya kazi kiwanda cha nguo, na binti yao ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Jioni king'ora cha kiwanda kikilia, ungetukuta bombani tukisugua sufuria kwa majivu, kwao kunanukia dagaa wa omena, kwetu githeri ya mahindi na maharagwe, na redio ya mama yake iko dirishani.

Wimbo ulipotoka tuligawana beti. Mimi nikawa yule wa sauti nzito, yeye yule wa haraka, maana ulimi wake haukuwa na breki. Sheria ilikuwa moja: huugusi ubeti wa mwenzako, hata kwa kunong'ona. Zamu yake ikifika, kazi yangu ni kugonga sufuria. Shosho alitoka mlangoni kila mara. "Kai! Mmegombana tena?" Kwake kurap ilikuwa ni kutukanana tu, na tulicheka mpaka maji yakamwagika.

Mwalimu wa muziki alitusikia, akatupa nafasi siku ya kufunga shule. Sijawahi kungoja kitu vile. Tulifanya mazoezi mpaka sufuria ya shosho ikabonyea.

Halafu kiwanda kikapunguza watu, baba yake akiwa mmoja wao. Wiki hiyo hiyo ya kufunga, nilitoka dukani nikakuta godoro lao limefungwa kamba nje, wanarudi nyumbani kwao. Rafiki yangu alinivuta kando ya bomba.

"Usishike sehemu yangu, sawa? Nikirudi tutaimba."

"Siwezi shika."

Mwalimu alinishauri niimbe beti zote mbili. Nilikataa. Nilipanda jukwaani na ile sufuria, nikaimba ubeti wangu, na ulipofika wake nikagonga tu, nikiangalia pale ambapo angesimama. Wengine walicheka. Nilijisikia mpweke kuliko siku nyingine yoyote ya utoto wangu, lakini niligonga mpaka ubeti wake ukaisha, ndipo nikashika kiitikio.

Hakurudi. Shosho alishatutoka, king'ora hakilii tena, na pale kwenye bomba pamesimama ghorofa. Nimemtafuta sana mtandaoni, lakini nilimjua kwa jina la utani la pale ploti, na wasichana wa jina lile ni wengi mno. Huenda ana watoto wakubwa. Huenda hata wimbo ameusahau, na hilo ndilo huniuma zaidi.

Msusi alikuwa bado anangoja jibu, huku yule wa haraka anamwaga maneno redioni.

"Hiyo si yangu," nikamwambia.

Sijui kama alinielewa. Niliacha vidole vyangu vigonge mkono wa kiti, taratibu, mpaka zamu ya rafiki yangu ikaisha.