Bahasha Tatu na Kisu cha Siagi

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka bado uso hunichoma: siku niliyomwacha bibi wa miaka themanini na tatu ndani ya maji ya kuoga, nikakimbia kujificha kwenye kabati la chini ya ngazi. Mimi, niliyeajiriwa kumshika asianguke. Naanza na aibu hiyo makusudi, kwa maana jana baada ya ibada nilikuona. Simu yako ililia, ukatazama ujumbe umetoka wapi, ukaigeuza kifudifudi kando ya sahani ya sambusa na kuendelea kucheka na wenzako. Wenzako walidanganyika. Mimi mkono ule naujua, ulikuwa wangu.

Basi kaa. Chai ipo, na mvua hii haikupeleki popote.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimetoka Uvira, Kongo, kwa njia ambazo sitakusimulia leo. Nilipanga Kilburn, hapa London, chumba kimoja na dada wa kwetu aitwaye Zawadi, juu ya duka la mashine za kufulia nguo. Kutwa nzima sakafu ilitetemeka, hata vikombe vilitembea vyenyewe mezani. Serikali ilikuwa imenipa ruhusa ya kukaa kwa muda, na ya kufanya kazi. Muda ulipokaribia kwisha, mwanasheria aliniombea nyongeza, kisha ofisi yake ikafungwa nikabaki peke yangu nasubiri jibu.

Jibu lilianza kuja kwa bahasha za kaki. Ya kwanza ilipoanguka mlangoni, Zawadi aliiokota kwa ncha za vidole, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi nge.

“Usiifungue,” akaniambia. “Barua yenye haujafungua, haijafika. Ukifungua, bataona umejua.”

Usicheke. Wewe umekuja hapa wakati barua huleta matangazo ya piza. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu. Siku moja aliletewa karatasi yenye jina lake, inamwita afike ofisini kwa mazungumzo mafupi. Akaisoma mbele yetu, akavaa shati safi, akaenda. Mpaka leo hajarudi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi wa chumba kile wote tulikuwa tumeumwa. Naye Zawadi, bahasha zake mwenyewe alizifukia kwenye ndoo ya unga wa mihogo. Mimi zangu nilizifunga kwenye kipande cha kitenge na kuzitia ndani ya mkoba, kwa kuwa niliogopa kuziacha nyumbani. Nililala nao kichwani na kwenda nao kazini. Zilifika tatu.

Kazi yangu ilikuwa ya kea, kutunza wazee majumbani mwao. Nilipewa bibi mmoja wa Kihindi kule Stanmore, mzaliwa wa Kisumu. Watu wa nyumba ile walimwita Ba, yaani mama, nami nikamwita hivyo. Kutoka Kilburn hadi Stanmore ni treni ileile moja, vituo vinane, wala hubadilishi. Lakini mimi nilipokuwa nikishuka kule nilihisi nimevuka mpaka mwingine. Kwetu Kilburn, pamoja na wapangaji wengine, tulikuwa watu saba kwenye vyumba viwili, choo kimoja, na mwenye nyumba anatuhamisha anapotaka. Kule nyumba moja ilikuwa na bustani mbele na bustani nyuma. Kwetu nesi aliyezalisha nusu ya mtaa wa Uvira alikuwa anafagia ofisi, na mwalimu wa hesabu anaosha sufuria hotelini. Kule ukutani zilipangwa picha za wajukuu na majoho yao: mfamasia, daktari wa macho, mhasibu, na mmoja mwanasheria. Sisi tuliabudu kwenye ukumbi wa kukodi, na saa ikifika mlinzi anatikisa funguo mchungaji hajafika amina. Wao walikuwa na hekalu lao na ukumbi wao wa harusi.

Kanisani tuliulizana, Wahindi wana nini ambacho sisi hatuna? Mzee mmoja aliapa kwamba wana dawa, wanaifukia chini ya mlango. Nilimcheka, lakini nakiri nilipofika Stanmore nilikitazama kizingiti mara mbili. Moyoni nilijibu vibaya zaidi ya yule mzee. Nilisema sisi tumelaaniwa. Nikaanza kuwadharau watu wangu, nikajidharau na mwenyewe.

Kumbe dawa niliiona kila asubuhi, sikuijua. Nyumba ile ilikuwa na sheria: barua haipandi ngazi kabla haijafunguliwa. Posta ikianguka mlangoni, Ba huletewa pale mezani, huchukua kisu cha siagi, huifuta siagi kwenye mkate, kisha huchana bahasha moja baada ya nyingine. Ya hospitali, ya benki, ya manispaa, zote. Asipoielewa huiegemeza kwenye chupa ya achari, na jioni mwanawe na mkwewe huisoma kwa sauti wakila. Mimi kila bahasha iliyochanwa niligeuza uso. Ba alikuwa ananiona.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, nimemwingiza Ba kwenye maji, nimempaka sabuni mgongoni, mara mlango ukagongwa kwa nguvu. Nikatoka hadi juu ya ngazi. Kwenye kioo cha mlango nikaona koti jeusi, kitambulisho shingoni, na redio ya mkononi inakoroma. Mwanangu, sikufikiri; nilijua Uhamiaji wamenifuata. Miguu ilinishusha ngazi, mkono ukanyakua mkoba wangu kwenye msumari, nikajikuta kabatini katikati ya makoti na mashine ya kufyonzea vumbi, nimeukumbatia ule mkoba. Yule mtu akagonga tena. Akaita kitu ambacho sikukisikia kwa jinsi damu ilivyonipiga masikioni. Niliomba zaburi nikaikosea. Juu nikamsikia Ba, aliyezoea kuniita mama: “Mama! Mama, uko wapi?” Akaita mara nyingi. Kisha akanyamaza.

Yule mtu alikwenda zake, nami sikutoka. Nilibaki kusikiliza ukimya wa bibi yule, na hata huo haukunitoa mara moja. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo kuliko koti jeusi. Kwamba woga unaweza kumfanya mtu asikie mwenzake anakufa naye akahesabu pumzi zake mwenyewe.

Nilipopanda, maji yalikuwa yamepoa. Ba alikuwa ameng'ang'ania bomba kwa mikono yote miwili, midomo inamtetemeka, macho yamefumbwa. Nilidhani ameshakwenda. Akayafumbua.

Nilimkausha nikilia, nikamvika, nikamfunika blanketi mbili, nikamshusha mezani, nikamnywesha chai. Nilijua akiinua simu tu nimekwisha: kazi imekwenda, na ruhusa yangu nayo. Yeye alisubiri meno yaache kugongana. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani Kisumu, kinakwenda moja kwa moja.

“Yule ni mtu ya kusoma mita ya gesi,” akasema. “Kila mwaka yeye nakuja. Sasa sikia. Mimi iko ndani ya maji, wewe nachukua mkoba. Mtu akikimbia moto nabeba mtoto. Ndani ya hii mkoba iko mtoto gani?”

Nilimfungulia. Alipoona kitenge na bahasha tatu zilizokwisha lainika kwa jasho, hakushangaa. Akasukuma sahani, akaniwekea kisu cha siagi mbele yangu.

“Fungua.”

“Ba, siwezi. Batanirudisha.”

“Kama serikali nataka kurudisha wewe, natarudisha, hata wewe kama hapana soma. Barua imeshafika, mama. Wewe tu ndiyo hapana fika. Fungua, mimi iko hapa.”

Nilichana ya kwanza. Ilikuwa inaniita kwenda kuhojiwa ofisi ya Uhamiaji kule Croydon juu ya ombi langu, na siku yake ilikuwa imepita zamani. Ya pili ilinipa siku nyingine, nayo imepita. Ya tatu ilisema nisipofika mara hii, ombi litakataliwa. Siku iliyoandikwa ilikuwa Alhamisi, na ile, nimekwambia, ilikuwa Jumanne. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi changu kilikuwa kinanijia kesho kutwa na nimekibeba mwenyewe begani.

Ba alimpigia mjukuu wake mwanasheria, wakaongea lugha yao, kisha akanipa simu. Wakati tunasubiri gari la yule mjukuu, ndipo nilipomtolea la moyoni. Nikamwambia, “Ninyi Mungu aliwapenda. Sisi alitusahau.”

Alinikaripia, mwanangu, karipio ambalo sijapata jingine. “Hapana sema ujinga. Mimi nafika hapa na pasipoti ya Mwingereza. Mume yangu alikuwa karani ya reli, Kiingereza najua. Shemeji iko Southall, nangojea sisi kiwanja ya ndege. Hata hivyo tuko tisa chumba mbili, mimi napanga biskuti kiwandani mpaka kidole nakufa ganzi, na watu natema mate njiani. Sisi nakimbia Kenya kwa sababu nanyimwa kazi. Wewe nakimbia bunduki. Hapana pima sawa! Miaka yangu hapa arobaini, yako minne. Wewe pima na pale wewe natoka.”

Usione vyaelea, vimeundwa. Nilikuwa nikitazama paa la Stanmore bila kuuliza juu ya vyumba viwili vya Southall. Lakini aliongeza jambo moja, akinigonga kifundo cha mkono kwa kile kisu. “Kitu moja tu nataka wewe kopa kwetu. Hofu, sisi pia tulikuwa nayo. Lakini hofu yetu, sisi nakula naye mezani, watu wote naona yeye. Wewe nalala naye peke yako.”

Alhamisi nilikwenda Croydon na mjukuu wa Ba. Nilihojiwa, na baada ya miezi mingi bahasha nyingine ilikuja, nikaibeba hadi Stanmore tukaichana na Ba. Nilipewa ruhusa ya kukaa. Ndiyo maana unaniona hapa leo nikikumiminia chai.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Jumanne ileile niliporudi Kilburn nilimwambia Zawadi yote. Nikamsihi afungue zake.

“Weye uko na Muhindi wako,” akasema. “Miye niko na nani?”

Jibu lilikuwepo. Ilikuwa niseme, uko na mimi, nikachukue kisu, nikae naye. Sikusema. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na furaha yangu niliyoogopa kuimwaga. Nikamwambia tutaongea Jumapili. Jumapili ikapita, na nyingine, mimi na Croydon yangu. Majuma matatu baadaye, asubuhi nikiwa Stanmore, watu wa Uhamiaji wakaja wakamchukua. Nilipopanda ngazi za kwetu niliukuta mlango wazi na ndoo imepinduliwa, unga umetapakaa sakafuni na bahasha juu yake, zimegeuka nyeupe, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Niliketi kwenye ule unga nikazichana kwa kidole. Zilikuwa tano. Ya tatu ilikuwa inampa nafasi ya kukata rufaa, na kumwelekeza aende wapi asaidiwe bure.

Alinipigia mara moja kutoka Kinshasa walikomrudisha, mji asioujua hata mtaa mmoja, ambako lugha ya sokoni haikuwa yake. Alisema yuko salama, nikasikia sauti inasema sivyo. Kisha ile namba ikanyamaza. Nimeipiga miaka mingi. Nyumba moja, kabila moja, kanisa moja, woga uleule: mimi niko, yeye hayuko. Kwa hiyo usinidanganye kwamba watu wetu wamelaaniwa. Zawadi alikosa mtu wa kukaa naye mezani, na huyo mtu nilikuwa mimi.

Ba amekwisha kufa, Mungu amlaze pema. Kisu chake sikukirithi, nadhani kimo kwenye droo na vijiko vingine. Nanyi siku hizi hamhitaji kisu. Hata hati yako ya kukaa nchi hii imo ndani ya simu, na barua zinaingia mfukoni bila hata kuanguka mlangoni. Kwa hiyo mnazificha kirahisi kuliko sisi: mnageuza simu tu.

Basi shika maneno yangu. Usijipime na nyumba ya mwenzako kabla hujajua alianza na nini, wala usiwadharau watu wako kwa kuwa walianza na risasi. Kilichoandikwa kwa jina lako kisome siku kinapofika, hata kama mkono unacheza. Usikisome peke yako. Na ukishavuka wewe, usimwambie aliye nyuma yako mtaongea Jumapili.

Mungu wa baba yangu akutangulie kila unapoitwa kwa jina. Akupe meza yenye watu, na Kiingereza cha kutosha, na usingizi usio na mkoba kichwani. Amrehemu Zawadi popote alipo.

Sogeza kiti huku. Geuza hiyo simu, mwanangu. Mimi niko hapa.