Kurasa za Kurudi Nyuma

Vijana wakinionyesha mapigano ya siku hizi kwenye simu zao, mimi hucheka mpaka mbavu zikauma. Mtu kavaa glavu nene kama mito, kavaa kofia ya sponji, kavaa na ngao za miguu, halafu akiguswa kidogo anamgeukia refa kushtaki. Thubutu! Mimi wapiganaji nimewaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Nimewapikia, nimewashonea, na mmoja wao ndiye aliyenioa. Walipigana ngumi kavu na miguu mitupu, na kesho yake alfajiri walikuwa sokoni Kariakoo wanabeba magunia.

Walifanyia mazoezi uani kwetu. Nyumba ilikuwa ya mama yangu, vyumba sita na ukumbi katikati, jiko na choo nyuma. Mama aliuza karanga za kukaanga barazani, nami nilikuwa na cherehani yangu pembeni yake. Mwalimu wa karate alikuwa fundi viatu aliyepanga chumba cha uani. Wanafunzi wake walikuwa saba: wachukuzi wa sokoni watano, muuza kuku mmoja, na mkaanga samaki wa Feri aliyenukia kazi yake hata akitoka kuoga. Mama aliwapa ua kila jioni kwa sharti moja tu, wasiiguse kamba yake ya nguo. Waliigusa kila wiki, na kila wiki aliwafukuza kwa mwiko. Kesho yake wanarudi wamejipanga mstari, "Shikamoo mama," sauti moja, naye anaitikia "Marahaba" huku amenuna.

Miaka ile kitambaa kilikuwa hadithi. Unapanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, ukifika mbele unaambiwa imebaki dawa ya mbu. Kwa hiyo mavazi yao niliyashona kwa magunia ya unga wa ngano, yale ya pamba nyeupe yaliyokuja kutoka ng'ambo. Niliyachemsha, nikayasugua kwa majivu na limau, lakini maandishi yaligoma kutoka. Kila mmoja alikuwa na maneno ya Kizungu mgongoni na uzito wa unga chini yake. Mikanda myeusi mwalimu aliipaka dawa ya viatu. Wakitoka jasho, weusi unateremka mpaka magotini. Tuliwacheka sana, na wao wenyewe walijicheka.

Wakianza kazi, kicheko kinakatika. Karate iliyojulikana mjini wakati ule ilikuwa ya pointi: unamgusa mwenzio, refa anakupa alama, mnainamiana, mnakwenda zenu. Mwalimu wetu aliita hiyo kupeana salamu. Yake ilikuwa ya kupigana kweli. Ngumi ya uso ndiyo pekee iliyokatazwa, mengine yote ruksa, na aliyeanguka asiinuke ndiye aliyeshindwa. Waliviringisha chupa za soda kwenye mifupa ya miguu mpaka ikawa haisikii. Walipiga nguzo iliyozungushiwa kamba ya katani mpaka vifundo vya mikono vikaota sugu. Jamani, nilikuwa nashona huku nasikia ile nguzo, na moyo wangu ulikuwa unajaa fahari, sijui niseme vipi. Watu maskini, wamekula ugali wa unga wa njano na maharage, na hakuna aliyewalazimisha.

Mume wangu alikuwa mmoja wa wachukuzi wale. Mtu wa kusini, mfupi, mapaja mazito, mpole mpaka anaudhi. Majirani walimwita mtu wa kuja na kunisikitikia mimi mtoto wa mjini. Niliwaambia wasikitikie waume zao. Nilimpenda, basi.

Sasa niseme lile ambalo nililificha, maana wengi wameshatangulia na nimebaki mimi. Mwalimu hakufundishwa karate na mtu. Alijifunza kwenye kitabu cha picha, kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua, alichopewa na baharia mmoja baada ya kumshonea viatu. Alikwenda nacho ukurasa kwa ukurasa, haruki hata mmoja, na kilikaa siku zote dirishani uani. Siku moja kabla sijaolewa, mama alikwenda msibani akaniachia karanga. Wateja wamesimama, na karatasi ya kufungia hakuna, maana hata gazeti la zamani lilikuwa adimu. Nikakiona kile kitabu. Nikachana kurasa za mwisho, kama thelathini hivi, nikazikunja pembe, nikajaza karanga, nikauza zote. Picha niliziona vizuri. Mtu anarudi nyuma, mtu anakwepa, mtu anajikinga mbavu kwa kiwiko. Wala sikujali.

Mwalimu alipokuta kitabu kimekatika alilaumu panya. Akasema kurasa za mwisho za kitabu chochote huwa matangazo ya duka, akaendelea kufundisha yale aliyokuwa nayo, yaani kwenda mbele. Miaka minne vijana wale walikwenda mbele tu. Ukimsukuma mmoja wao, hajui pa kuuweka mguu wa nyuma. Nami nimekaa na cherehani yangu, naona, nimeufyata.

Kisha ukaja mwaka wa msako. Mgambo walikuwa wanalizingira soko ghafla, na asiyekuwa na kitambulisho cha kazi anahesabiwa mzururaji, anapandishwa lori, anarudishwa kijijini kulima. Kulima si aibu, tulikuwa tunakula jasho la wakulima. Lakini mume wangu kwao alikuwa hana tena shamba wala mzazi, na mimi nilikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Na mtu anayebeba magunia kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri unamwitaje mzururaji? Nilikuwa nikiwaza hivyo natamani kumpiga mtu. Mara mbili alikimbilia Jangwani akajificha kwenye matete, akarudi ameloa matope mpaka kifuani.

Ndipo ikaja habari kwamba kiwanda kimoja cha umma kinaunda timu ya michezo, na meneja wake ni mpenzi wa mapigano. Kulikuwa na mashindano Jumamosi, Mnazi Mmoja, ya mtindo huuhuu wa kupigana kweli. Meneja alisema atamchukua mshindi wa kila uzito, ampe kazi. Ukipata kazi umepata kitambulisho. Na fununu zilikuwa zinasema Jumatatu soko litazingirwa.

Mume wangu aliniambia taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi, "Mke wangu, nikianguka Jumamosi, usije ukanificha uvunguni. Matete yamenichosha. Lori likija nitapanda."

"Wewe anguka," nikamwambia, "utaona lori lenyewe ni mimi."

Alicheka. Mimi nilikwenda chooni nikalia, kwa sababu ya zile kurasa thelathini.

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Mpinzani wake pekee katika uzito wake alikuwa karani wa ofisi za Posta, mrefu, mavazi meupe pee ya dukani, na mwalimu wake alikuwa amesomea karate ughaibuni. Mume wangu alipopanda na gunia lake mgongoni, jamaa mmoja akapiga kelele, "Unga umefika! Pangeni foleni!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilisimama na mtoto wangu mgongoni nikauliza aliyesema hivyo kazaliwa na nani, aje nimwone. Mama akanivuta kanga nikae.

Raundi ya kwanza sipendi kuikumbuka. Yule karani alikuwa fundi, nisiseme uongo. Anapiga teke la mbavu, anaruka nyuma, anangoja umfuate, anakupiga jingine. Mume wangu akamfuata. Akapigwa. Akamfuata tena, akapigwa tena palepale. Hakujikinga, hakukwepa, atakwepaje na hajui? Kila teke nililisikia likilia kwenye mbavu zake, na kila mara nikaiona moja ya zile picha, mtu na kiwiko chake, imejaa karanga.

Nikamwinamia mama. "Mama, kile kitabu cha mwalimu, ni mimi niliyekichana."

"Nyamaza utazame," mama akasema bila kunigeukia. "Nilirudi msibani nikakuta karanga zimekwisha na karatasi nilikuwa sina. Unadhani nilidhani umewamiminia watu mikononi?"

Raundi ya pili kitu kikabadilika, na niliyeanza kukiona labda ni mimi, maana nimewatazama uani miaka minne. Karani aliruka nyuma kama kawaida yake, akangoja mwanya wa kurusha mguu. Mwanya haukuja. Mume wangu alikuwa ameshafika, kifua kwa kifua, anamtwanga ngumi fupifupi za tumbo. Akaruka nyuma tena, akamkuta yuleyule. Yule bwana alikuwa amezoea watu wanaopigwa wakarudi kupumua, naye akapumulia hapohapo. Huyu wangu hakumpa hata pumzi moja. Alikuwa anakwenda tu, uso umetulia, kama anavyotoka lorini na gunia kichwani. Alipigwa teke la tumbo ambalo lingeniua mimi, akatikisika, akapiga hatua mbele.

Kelele za ukumbi zikabadilika. Wachukuzi walikuwa wamejazana nyuma, soko zima nadhani, wakaanza kuimba "Beba! Beba! Beba!" vile wanavyoimba wakishusha mzigo mkubwa. Hata yule wa foleni ya unga nilimsikia anaimba.

Raundi ya tatu karani alikuwa amefika kwenye kamba za ulingo, nyuma hakuna tena. Mume wangu akautupa mguu wake wa kulia kwenye paja la yule bwana. Teke la chini, zito, halina madoido. Akalipiga palepale mara ya pili. Mara ya tatu ule mguu wa karani ukamkana mwenyewe, akakaa chini taratibu, uso wake umeshangaa. Refa akahesabu. Mwanamume akainuka, nampa heshima yake mpaka leo, akasimama kwa mguu mmoja, akajaribu kupiga, akaanguka. Hakuinuka tena.

Wallahi sijui nilifikaje jukwaani. Nakumbuka nilikuwa nimemkumbatia na dawa ya viatu imenijaa kanga nzima, mtoto analia, mwalimu anaruka kama mtoto, na mama yangu, mama huyuhuyu wa mwiko, anapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nilifurahi jamani. Nimezaa watoto watano na nimewaoza wote, lakini furaha ya siku ile ilikuwa na utamu wake.

Mwalimu wa karani akaja kutupa mikono, mtu muungwana. Akamwuliza mwalimu wetu ni shule gani inayofundisha watu wasirudi nyuma kabisa. Mwalimu akatoa kitabu kwenye kikapu kwa fahari. Yule bwana akafunua, akafika mwisho, akafunua tena. "Fundi," akasema, "nusu nzima ya kujihami haimo humu." Mwalimu akaniangalia mimi. Sijui kwa nini aliniangalia mimi. Nikainama kumfunga mtoto vizuri. Baadaye alishika msimamo kwamba kitabu hakikuhusika, aliyeshinda ni magunia ya sokoni, na tulibishana naye hivyo mpaka alipofariki. Ila nilipomwambia ukweli aliniuliza, "Shemeji, zile karanga angalau zilikuwa na chumvi?"

Meneja alitimiza ahadi palepale, akaandika barua yenye mhuri kwamba huyu ni mfanyakazi wa kiwanda, aripoti Jumatano. Mimi barua ile niliikunja, nikaifungia kwenye mtoto wa meza ya cherehani, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Jumatatu mume wangu akaenda sokoni kama kawaida, mbavu zimefungwa kitambaa, maana mpaka Jumatano tungekula nini? Barua akaiacha. Au niseme nilimwachisha, kwa ujanja wangu wa kuficha.

Saa tatu nikasikia mtaani, "Wamezingira soko!"

Nilichana pindo la kanga kwa meno. Nilikimbia bila viatu, barua mkononi, nimemwacha mtoto kwa mama, nasukuma watu, natukana kila aliye mbele yangu. Lori niliona limeshajaa nusu. Niliwatazama waliokaa mle mmoja mmoja, vijana wa watu, wameinamisha vichwa, na sikumwona. Nikaingia ndani huku napiga kelele, "Ana barua! Ana barua ya kazi!"

Nikamkuta kwenye upande wa vitunguu, amezungukwa na mgambo wanne. Mmoja wao amepandisha suruali mpaka juu ya goti, mguu ameuweka juu ya kreti, na mume wangu ameinama anamwonyesha kwa kidole mahali pa kupiga kwenye paja.

"Barua hii hapa!" nikamsukumia mkubwa wao. "Soma! Ina mhuri!"

Hata hakuipokea. "Dada, tunza karatasi yako," akasema. "Huyu sisi tulikuwepo Jumamosi. Nani amwulize huyu kitambulisho?"

Wakacheka wote, na mume wangu akacheka nao huku ameshika mbavu. Niliwatukana wale mgambo, nikamtukana na yeye, nikakaa juu ya gunia la vitunguu katikati ya soko nikalia kwa sauti, na wala sikuona haya.