Mgongo wa Emil Kubicek

Ukitaka kumjua mpweke katika chuo chetu cha Kolbrook, usimtafute maktabani. Maktabani kila mtu yuko peke yake na hakuna anayemshangaa. Nenda kwenye maabara ya misuli wakati Dokta Maureen Haddix anaposema, "Haya, wawili wawili," halafu mwangalie anayeinama ghafla kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka.

Mwaka ule aliyeinama alikuwa Dalton Reinke. Alikuwa kijana mrefu wa mwaka wa tatu, mwenye mikono mikubwa asiyojua aiweke wapi, naye alikuwa anasomea sayansi ya mazoezi ili baadaye aingie chuo cha fiziotherapi. Somo hilo lina vitabu vizito vya kutosha, lakini msuli hujulikana kwa vidole. Mmoja analala kitandani, mwenzake anatafuta mfupa na msuli, anabonyeza, anautaja, kisha wanabadilishana. Hivyo ndivyo vijana hawa wanavyojifunza kumshika mgonjwa bila kumtia hofu, na mtu hawezi kujifunza hayo bila mwili wa mwenzake.

Shida ni kwamba wenzake walikuwa wameshapatana tangu mwaka wa kwanza. Walikula pamoja, walipanga nyumba pamoja, na Jumamosi za mpira walipakana rangi usoni pamoja. Dalton alikuja akitokea chuo kidogo cha miaka miwili huko kwao magharibi ya jimbo la Nebraska, akakuta kila mtu ana mtu wake. Dokta alimtia kwenye kundi la Brooke na Kelsey. Hawakuwa wasichana wabaya, ila walicheka vichekesho vilivyoanza kabla yeye hajafika, naye akawa anatabasamu kwa kuchelewa. Baada ya wiki chache akamwambia Dokta asihangaike, kwani alikuwa na mwenzake wa chumbani aliyefanya naye mazoezi ya somo kila jioni.

Huyo mwenzake alikuwepo kweli, aliitwa Trevor. Lakini mahindi yalipoanza kuvunwa Trevor aliacha chuo, akarudi kwao na kuacha godoro tupu. Dalton hakumwambia mtu. Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo: ukituuliza hali tunasema si mbaya, hata kama paa linaungua. Mama yake, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alipopiga simu Jumapili na kumuuliza kama amepata watu huko, alijibiwa kwamba amewapata, tena wengi.

Basi Dalton akajifanya mgonjwa na mganga kwa wakati mmoja. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni amevaa kaptura, akajibonyeza mapaja, akajipapasa mbavu, akakunja mkono na kutaja kila kilichotuna. Alijikaza kisabuni kweli kweli. Kama ungemuuliza kuhusu goti lake mwenyewe, angekujibu hata usingizini. Hakufikiria, masikini, kwamba upande wa kulia kwenye kioo si upande wa kulia wa mtu aliye mbele yako, wala kwamba kuna sehemu ya mwili ambayo hakuna binadamu anayeweza kuifikia kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya mtihani wa vitendo Dokta aliwaletea miili ya kupimia, wanafunzi wa darasa jingine waliokuja kwa kuahidiwa pizza. Dalton aliambiwa aonyeshe msuli wa bega la kulia, akaenda moja kwa moja kushoto. Akarekebishwa, akarudia kosa lile lile. Kisha yule kijana wa pizza akaambiwa ageuke alale kifudifudi, na Dalton akaambiwa atafute misuli midogo inayouvuta mfupa bapa wa bega kuelekea uti wa mgongo. Mikono yake ilibaki hewani. Mgongo ule ulikuwa uwanja mpana usio na alama yoyote anayoijua, na maji yalimfika shingoni pale pale. Alianguka mtihani.

Dokta Haddix hakuwa mtu wa kelele. Alimwita ofisini, akamwambia atampa nafasi moja tu ya kurudia, wiki inayofuata. Akishindwa atalirudia somo mwakani, na maombi ya chuo cha fiziotherapi yatasubiri mwaka mzima.

"Tena uje na huyo mwenzako wa chumbani," alisema. "Nataka niwaone mnavyofanya, maana kuna kitu hakiko sawa."

Dalton akasema sawa. Alitoka nje kwenye theluji iliyokuwa inaanza kudondoka, akasimama karibu na baiskeli za watu, akapitia majina yote kwenye simu yake. Hakuona hata mmoja ambaye angeweza kumwambia, naomba mgongo wako. Angelia kama Kelsey asingekuwa anapita na kumpungia mkono.

Kila asubuhi chuo huwafungulia wazee wa mji ukumbi wa mazoezi. Wanafunzi wanaotaka kazi za afya huwasimamia, huwapima mapigo ya moyo na kuwahesabia wanaponyanyua vyuma vidogo. Mmoja wa wazee waliosimamiwa na Dalton alikuwa Emil Kubicek, mkulima mstaafu aliyefanya mazoezi akiwa amevaa shati la drafti lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Alikuja mapema kuliko wote na alikuwa wa mwisho kuondoka, akisingizia kwamba gari lake linachelewa kupata moto. Kila mtu alijua gari lake ni zima. Mkewe, Rosalie, alikuwa amefariki, na nyumba yake ipo mbali na barabara.

Dalton alimwomba akiwa anatazama sakafu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akafikicha kidevu.

"Mgongo wangu una nini cha kusoma, bwana mdogo? Si trekta tu imepita humo?"

"Wowote unatosha, mzee."

"Basi huo ni wako. Ila shati sivui."

Wakafanya hivyo wiki nzima, kila asubuhi baada ya wengine kuondoka, juu ya mkeka nyuma ya mashine za kutembelea. Dalton alijifunza mgongo kupitia kitambaa kizito, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya koti la mwenzake. Alihesabu pingili, akazifuata kingo za mifupa, na alipomwambia mzee asogeze mkono nyuma, alisikia kwa mara ya kwanza ile misuli midogo ikijikaza chini ya vidole vyake. Mzee alisimulia habari za ng'ombe. Hawakuulizana mambo ya nyumbani.

Siku ya marudio Emil alifika amenyoa na kupaka manukato mengi kupita kiasi. Dokta Haddix alimtazama, akamtazama Dalton.

"Huyu ndiye mwenzako wa chumbani?"

"Nakoroma kidogo tu," Emil akajibu bila kucheka, ingawa hakujua linalosemwa ni lipi.

Dalton angeweza kuuacha utani ule ufunike kila kitu. Hakuuacha.

"Nilikudanganya, Dokta. Trevor alishaondoka zamani. Sina mtu. Nilijifunza peke yangu kwenye kioo, ndiyo maana mgongo sikuujua."

 Dokta akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakusema.

"Ningesemaje?" alijibu Dalton. "Unamwambia nani kitu kama hicho?"

 Dokta alifungua kabati, akatoa kalamu ya wino, na kueleza kwamba Dalton atachora kingo za kila msuli atakaotajiwa, juu ya ngozi yenyewe. Maana yake shati livuliwe. Dalton alimwangalia Emil. Mzee alishika kifungo cha juu, akakaa hivyo kwa muda, halafu akaanza kufungua kimoja kimoja. Shingo yake ilikuwa nyekundu na kavu kwa jua la miaka yote ya mashambani, lakini chini ya kola mgongo ulikuwa mweupe kama wa mtoto mchanga. Akalala kifudifudi, akageuza uso upande wa ukutani.

Dalton alisugua viganja mpaka vikapata joto, ndipo akaviweka. Mzee alishtuka. Dalton akangoja mpaka pumzi yake ikatulia, akaanza. Dokta alitaja, naye akatafuta, akamwomba mzee asogeze mkono hivi au vile, akachora. Kulia kulikuwa kulia. Ile misuli midogo ilijitokeza mahali pake, na mistari ya samawati ikajaa pande zote mbili za uti wa mgongo. Mwishoni Dokta aliandika alama, akasema amefaulu, tena vizuri. Akamkumbusha amfute mgonjwa wake wino kabla ya kumruhusu, kisha akaenda nje kumwandaa mwanafunzi mwingine aliyekuwa anarudia.

Furaha ambayo Dalton aliitegemea haikuja kwa kishindo. Alilowesha kitambaa kwa maji ya moto, akakikamua.

"Futa yote," Emil alisema akiwa bado ameelekea ukutani. "Nikifika nyumbani siwezi kufikia huko mwenyewe."

"Nafuta yote, mzee."

"Rosalie ndiye alikuwa ananisugua mgongo. Tangu aende, hakuna mkono uliogusa hapo."

Dalton alifuta mstari wa kwanza, taratibu, kisha wa pili, mpaka wa mwisho. Alitaka kusema pole lakini neno lilikuwa dogo mno. Akasema lile alilokuwa nalo, kwamba hata yeye, ukiacha vidole vya masomo, hajaguswa na mkono wa mtu tangu mama yake alipomkumbatia kwenye maegesho ya magari mwezi wa nane. Bega la mzee lilianza kutikisika, na Dalton akaweka kiganja pale katikati akakiacha.

Mlango uligongwa. Yule mwanafunzi mwingine aliuliza kutoka nje kama kitanda kiko tayari, maana zamu yake imefika.

"Subiri kidogo," Dalton akamjibu. "Bado namfuta."

Kwenye ule mgongo hakukuwa na wino hata kidogo.