Paa Lililokwenda Uganda

Watu wa rika langu wana ugonjwa mmoja: wakipatwa na kiangazi chochote, hata cha wiki mbili, husema joto la zamani lilikuwa na adabu. Nami naugua ugonjwa huohuo, ila angalau nina ushahidi. Katikati ya miaka ya sabini, nikiwa kidato cha pili na tukiishi Burumba, niliandika hali ya hewa ya Busia kila siku katika daftari la hesabu. Daftari lenyewe halikuwa na kazi nyingine, maana mimi na hesabu tulikuwa tumeachana kwa amani.

Kipimajoto sikuwa nacho. Nilitumia kopo la mama la mafuta ya kupikia. Mafuta yakiwa magumu saa nne asubuhi, niliandika "wastani". Yakilegea kama uji, "joto". Mwezi wa Februari yalikuwa maji kabla hatujanywa chai, na siku hizo niliandika "joto sana", naye mama akaniandika mgongoni kwa mwiko, kwa sababu mwanasayansi alikuwa ameacha kopo wazi na sisimizi wakahamia humo na familia zao. Mvua niliipima kwa chupa iliyokatwa shingo. Upepo niliupima kwa kusimama ndani yake. Redio nayo ilitusaidia sana: kila jioni ilitabiri mvua hapa na pale, na haikuwahi kukosea hata mara moja, kwani isiponyesha hapa, bila shaka inanyesha pale.

Tangu hapo nimelala chini ya mabati ya miji mingi. Kitale, Mwanza, Voi, mingine hata majina nimesahau. Sikai mahali. Lakini kila mvua ikianza kugonga juu, kabla sijajua niko mji gani, huwa niko Burumba kwanza, na huwa nasikiliza mlango.

Mwaka ninaousema tulikuwa tumetoka tu chini ya nyasi na kuingia chini ya mabati. Baba alikuwa karani katika ghala la pamba, na kwa kuwa alijua kuandika, alijua pia kujenga, kutibu ng'ombe na kuendesha serikali. Aliyetuezekea alikuwa jirani yetu, Mteso mwembamba, mtu wa maneno machache, aliyekuwa ameezeka nusu ya Burumba na maduka kadhaa kule Malaba. Wote tulimwita fundi. Alipofika juu ya ukuta aliomba waya wa kufungia mbao za paa kwenye nguzo.

"Waya wa nini?" baba akauliza.

"Wa kufunga paa, mzee. Upepo wa hapa ni mbaya."

"Fundi, hii ni nyumba, si mbuzi. Unaifunga iende wapi?"

Watu waliokuwa wakitazama walicheka sana, na baba alifurahi. Fundi akafunga paa kwa kamba za katani.

Dhoruba ilikuja mwezi wa Machi, saa kumi jioni, baada ya siku tisa ambazo daftari langu liliziita "joto sana" na ya kumi iliyoitwa "joto sana sana", sayansi ikiwa imeishiwa maneno. Wingu lilipanda upande wa Alupe, jeusi tumboni na manjano pembeni kama jeraha linalopona. Kuku waliingia ndani bila kufukuzwa. Mama alikuwa na sayansi yake mwenyewe ya kukwepa radi, ambayo mimi, msomi, niliidharau.

"Funika kioo," alisema. "Vua hiyo shati nyekundu. Na ufunge huo mlango, uweke gogo."

Nilifunika kioo kwa leso, kwa dharau. Nikavua shati, kwa dharau. Mlango nikaufunga na gogo nikaegemeza. Kisha mama akaingia chumbani kusogeza magodoro, nami nikabaki na swali ambalo mtu mwenye akili asingejiuliza: huu upepo unatoka mashariki kamili, au kaskazini mashariki? Daftari lilitaka kujua. Niliondoa gogo nikafungua mlango kiasi cha kupitisha pua.

Sikumbuki kuuachilia. Mlango ulinyang'anywa tu mikononi mwangu, ukapiga ukuta, na upepo ukaingia kama jamaa wa mbali aliyesikia kuna sherehe. Nyumba ilijaa hewa mpaka masikio yakaziba. Halafu, juu yetu, paa la sebuleni likanyanyuka taratibu, kwa heshima, kama mgeni anayeaga. Mabati tisa yakiwa bado kwenye mbao zake yalipita juu ya migomba ya jirani, yakageuka mara moja angani, na kuvuka mpaka bila hata kuulizwa kipande. Mvua ikaanza kunyesha juu ya viti. Kioo kilikuwa kimefunikwa vizuri kabisa.

Mama alitoka chumbani akatazama juu, akatazama mlango.

"Nani amefungua mlango?"

"Upepo," nilisema.

Nimetabiri mambo mengi maishani na kuchekwa. Lile ndilo neno langu pekee kuhusu hewa lililoaminiwa papo hapo.

Baba alirudi akiwa amelowa, na kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshapata mkosaji. Misumari! Fundi ameweka misumari michache, mingine ameuza. Alisema hivyo kwa kinyozi. Alisema hivyo ghalani, ambako wakulima wa kila upande hupita, na Jumapili alisema tena nje ya kanisa. Sisi tulikuwa tukilala chini ya turubai la kuazima, nami kila usiku nilijiambia kwamba kesho nitasema. Kila kesho ilifika, nami nikawa na kazi ya kuandika hali ya hewa.

Maneno yalimfikia fundi upesi kuliko mvua. Mjane mmoja wa mtaani kwetu alimwambia angoje kwanza. Mzee mwingine alikuja kwake kuchukua mabati aliyokuwa amemletea kwa kazi, akiyahesabu kwa sauti. Kutoka Malaba, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa ajengewe paa la stoo kubwa, kazi ya kumlisha fundi mpaka mavuno, alituma salamu kwamba bado anafikiria. Siku ya tano fundi alikuja kwetu, akakataa kiti.

"Mzee, unanimaliza."

"Nimesema nilichoona."

"Hujaona. Paa liko Uganda. Twende tuangalie misumari. Ikiwa imetoka, mimi nitaacha hii kazi, nilime. Ikiwa iko, utasema iko."

Baba hakuwa na pa kupitia, majirani walikuwa wamesimama. Akanitazama. "Na wewe uje. Wewe si ndiye mtaalamu wa upepo?"

Tukavuka. Haikutuchukua muda kuulizia, kwani paa lililoshuka kutoka mawinguni haliwi siri kwa mtu yeyote. Tulilikuta katika shamba la muhogo la mama mmoja mnene, mchangamfu, limelala chali. Yeye hakuwa amepoteza muda: alikuwa ameanika vipande vya muhogo juu yake, na vilikuwa vimekauka vizuri.

"Banange! Kumbe ina wenyewe?" alisema. "Mimi nilikuwa nimeomba Mungu mabati. Nikasema, leo amesikia, lakini amerusha kwa hasira."

"Si Mungu, mama," baba akasema. "Ni fundi mbaya."

Fundi aliomba ruhusa, akasogeza muhogo pembeni kwa mikono yote miwili, akapiga goti. Akaanza kugusa misumari, mmoja mmoja, tangu ukingo mmoja hadi mwingine, akiinua kila bati kwa kidole kuona kama litacheza. Halikucheza hata moja. Paa lilikuwa limeruka maili nzima, likabomoa mashina ya muhogo, na misumari ilikuwa imekaa kwenye mbao kama jana.

"Sema iko," fundi alisema, akiwa bado amepiga goti.

"Iko," baba alisema kwa mdomo mdogo. "Basi kwa nini lilitoka?"

"Kamba ilikatika. Waya uliukataa mwenyewe. Lakini hata hiyo kamba ingeshika upepo wa nje. Huu upepo uliingia ndani, ukasukuma kutoka chini. Mlango wenu unatazama mashariki. Ulikuwa wazi."

"Upepo uliufungua."

"Na gogo?"

Baba akanigeukia, kwa fahari kabisa, kama mtu anayemwita wakili wake. "Mweleze. Upepo unaweza kusukuma gogo?"

Nilitazama muhogo. Niliutazama kwa muda mrefu sana kwa mtu asiyekula muhogo.

"Niliondoa gogo mimi," nilisema. "Nilitaka kuona upepo unatoka wapi."

Mama mwenye shamba alicheka mpaka akashika magoti. "Sasa ameona unakoenda!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Baba alivua kofia, akaivaa tena. Kisha wakaanza kung'oa mabati, yeye na fundi, na bati moja tukamwachia yule mama kwa ajili ya muhogo wake uliovunjika. Manane tuliyabeba kichwani, na mpakani askari mmoja akatusimamisha.

"Hii mali mmetoa wapi?"

"Kenya," baba akasema.

"Ilitoka Kenya lini?"

"Alhamisi iliyopita, saa kumi."

"Ilipitia wapi?"

Baba, akiwa na bati kichwani, hakuweza kuinua uso. Akaonyesha kidole juu. Yule askari alitazama mbinguni, akatutazama sisi, akatuambia tupite kabla hajaanza kuandika.

Baba hakuomba msamaha. Bidhaa hiyo haikuwa imefika sokoni kwetu wakati wa kizazi chake. Lakini kesho yake alikuja na waya, mviringo mzima, wa kutosha kufunga nyumba tatu na mbuzi wote wa Burumba, akauweka miguuni pa fundi akaondoka. Mimi niliyengojea kiboko nilipata kitu kibaya zaidi.

"Kijana," fundi aliniambia, "maneno ya baba yako yalitembea kwa miguu. Na wewe utatembea. Kila aliyesikia, umwambie ulichofanya."

Nilitembea. Kwa kinyozi walinifanya nirudie mara tatu, kila mteja akiingia. Mjane alinisikiliza akanipa ndizi, kisha akaenda kumwita fundi kabla sijamaliza ndizi. Mzee wa mabati alinitukana, halafu akayarudisha, akiyahesabu tena. Jumamosi nilidandia lori la chumvi mpaka Malaba, safari yangu ya kwanza peke yangu, na nakiri kwamba nilifurahi njia nzima, nikitazama mawingu, kana kwamba nilikuwa natalii.

Niliporudi jioni, fundi alikuwa juu ya nyumba yetu, misumari mitatu mdomoni, akifunga ubao kwa waya. Nilipanda ngazi mpaka nikamfikia. Alitoa misumari mdomoni.

"Ulimwona tajiri wa Malaba?"

"Nilimwona."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Alicheka. Alininunulia chai."

"Na stoo?"

Ningeweza kuzungumzia hali ya hewa. Ilikuwa nzuri, kulikuwa na upepo mwanana.

"Kuna fundi mwingine. Ameshaezeka nusu."

Alitazama upande wa Malaba, ingawa kutoka pale juu Malaba haionekani, unaona migomba tu na barabara.

"Anapiga misumari vizuri?" aliuliza.

"Sikuangalia."

"Haya," alisema. "Shika bati lisicheze."

Nikalishika kwa mikono yote miwili, naye akaanza kupiga.