Niliosha biochar mpaka maji yakatoka meupe, nikakaribia kuimaliza lengalenga ya Mama Divine

Wakuu, salaam kwenu mlio shambani na mlio kwenye foleni.

Nimesoma humu kimya kwa muda mrefu. Huu ni uzi wangu wa kwanza, na nimeufuta mara tano kabla ya kuupost. Ndiyo maradhi yangu hayo: jambo lisiponyooka silali. Yote haya yalinikuta mimi mwenyewe, na sehemu za aibu sijaziruka.

Nipo Sydney, upande wa Campbelltown. Ukipanda treni kutoka mjini unalala, unaota, unaamka, bado hujafika.

Nilikuwa nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja CBD. Lockdown ya 2021 ilipoanza tukaambiwa tukae nyumbani. Nikabaki na mwenzangu wa nyumba, Mkenya anaitwa Ochieng, na backyard kubwa yenye udongo wa mfinyanzi. Mvua ikipiga unateleza, jua likiwaka unapasuka.

Jirani yetu fensi kwa fensi ni Mama Divine. Ni Mrundi, aliishi kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na kazi yake ni kutunza wazee. Uwani kwake pote ni zege, kwa hiyo kila Jumamosi alikuwa anakuja kulima kwetu.

Lockdown ikakataza kutembeleana. Tukawa tunasalimiana juu ya fensi.

Winter ilipokuwa inaisha akanipitishia kikaratasi kilichokunjwa. Ndani kulikuwa na mbegu za lengalenga, mchicha wa kwao, hazikujaza hata kijiko cha chai.

"Kijana yangu, ni hizi tu zimebaki. Nimezitunza toka bustani yangu ya kwanza hapa. Zimezeeka, mwaka kesho hazitaota. Panda zote, tupate mbegu mupya."

"Ondoa shaka, Mama."

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Kipindi hicho nilikuwa nimezama kwenye biochar. Kwa asiyejua: ni mkaa wa mabaki ya mimea, unaochomwa kwa hewa kidogo sana, kisha unasagwa na kuchanganywa na udongo. Una vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho, vinashika maji na mbolea visipotee. Nikaona ndiyo dawa ya mfinyanzi wangu. Mtu niliyekulia kwenye jiko la mkaa, nikajiona tayari nina digrii.

Nilikuwa natumia kopo la biskuti la bati. Nalijaza vijiti vikavu, nafunga, natoboa tundu kwenye mfuniko, naliweka ndani ya moto wa barbecue. Gesi inatoka kwenye tundu na kuwaka kama kibatari. Mwali ukizimika, mkaa umeiva.

(Kabla ya hapo niliwaandikia council, yaani halmashauri ya huku, email ndefu kama barua ya posa, nikiuliza kama barbecue yangu itakera majirani. Wakanijibu mistari miwili. Niliisoma mara nane.)

Sasa kosa lenyewe.

Kwetu mkaa wenye vumbi ni mkaa mbaya, mama angekurudisha dukani. Basi mimi nikauosha. Nikauosha tena. Nikauosha mpaka maji yakatoka meupe, nikauanika, nikausaga, nikauchekecha kwa chujio la chai. Halafu nikaumwaga bustanini kwa wingi, karibu theluthi ya udongo wote. Nilijiambia kizuri hakizidi.

Video zote nilizotazama nilikuwa naziachia pale moto unapozimwa, maana ndipo palipokuwa patamu. Kilichofuata baada ya hapo sikuwahi kukiona.

Mbegu nilizianzishia kwenye trei. Zikaota thelathini na nane. Nilizihesabu asubuhi na jioni. Nikazihamishia kwenye ule udongo wangu wa maabara.

Wiki mbili mbele, majani ya chini yakaanza kuwa njano. Kisha ya kati. Miche ikadumaa, mingine ikalala moja kwa moja.

Kila jioni Mama Divine alikuwa anaita: "Mboga yangu iko namna gani? Nitumie foto!"

Wakuu, nilifanya jambo la kitoto. Nilipiga picha, nikaingia kwenye simu, nikaongeza rangi ya kijani, ndipo nikamtumia.

Akajibu: "Mungu asifiwe!"

Kesho yake nikaongeza kijani zaidi. Nikaendelea hivyo karibu wiki nzima.

Halafu ikatangazwa kwamba lockdown inakaribia kufunguliwa. Mtaa mzima shangwe, Ochieng anacheza jikoni na mwiko mkononi. Mimi nikachungulia bustani dirishani. Nilichokuwa nawaza ni kimoja tu: Mama ataruka fensi, atakuta njano.

Usiku huo nikasoma habari za biochar mpaka mwisho. Kumbe biochar mpya ni kama sponji kavu. Usipoilisha kwanza, inaingia kwenye udongo na kunyonya ile nitrojeni ambayo mche ndio unaitegemea. Watu huiloweka kwanza kwenye mbolea, au huichanganya na mboji wiki kadhaa. Mimi yangu niliiosha ikabaki na njaa tupu, nikaiketisha meza moja na watoto wachanga.

Maduka yalikuwa mbali, na mimi nilitaka suluhisho siku ileile. Nikasoma kwamba mkojo uliochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa kumi, una nitrojeni ya kutosha.

Nikaanza na wangu. Haukutosha. Nikamfuata Ochieng.

"Buda, unataka nini?"

Nikarudia.

"Yaani rent nalipa, na mkojo pia unataka?" Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alijaza chupa, tena akaandika jina lake juu, eti asiibiwe credit.

Nikawa namwagilia kwenye udongo, sio kwenye majani, pamoja na maji ya mboji. Siku ya sita, mche mmoja ukatoa jani jipya la kijani halisi. Nilipiga magoti kuliangalia.

Miche iliyopona ilikuwa kumi na mmoja. Ishirini na saba ilikwenda.

Nikaandika meseji ya kuomba msamaha, nikaifuta, nikaandika nyingine. Mwisho nikaenda tu kwenye fensi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona uso kama wa mufiwa?"

Nikamwaga yote: mkaa, kuosha, miche iliyokufa, picha.

Akanitazama. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Kwa foto ulianika shati yako nyeupe ya kazi. Na yenyewe ilikuwa kijani! Nikasema, huyu mutoto, ao amepaka shati rangi, ao ananidanganya. Nikangoja useme mwenyewe."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Imebaki ngapi?"

"Kumi na moja, Mama. Nisamehe."

"Kumi na moja!" Akapiga makofi. "Lengalenga moja tu ikikomaa inatoa mbegu ya kujaza kikombe. Wewe unanililia na kumi na moja? Sasa, umeiponesha na nini?"

Nikasogea karibu na fensi, nikanong'ona.

Nilipomwambia, akashika fensi kwa mikono miwili. "Ya kwako, ao na ya ule Mukenya?"

"Ya wote wawili."

Alicheka mpaka mbwa wa nyumba ya tatu akaanza kubweka.

Jumamosi ya kwanza iliyoruhusiwa alikuja na jembe lake. Ile kumi na moja hatukuichuma hata jani, tuliiachia mbegu. Kiangazi tulizipepeta kwenye ungo, akanigawia nusu kwenye chupa ya dawa, akaniambia safari hii nibakishe za akiba.

Nilichojifunza ni hiki: biochar ilishe kwanza wiki mbili tatu, na anza na kidogo. Na ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku ileile. Zile siku za kupaka picha rangi zilinitesa kuliko miche yenyewe.

Walioko nyumbani mnaotumia mkaa wa pumba za mpunga au magunzi, mnaulisha nini? Karibuni mseme. Na kama kuna mahali nimekosea, nirekebisheni tu, nitavumilia. Nafanya mazoezi.