Ratiba Isiyo na Jina Langu

Jioni moja ya ujana wangu naikumbuka hata kuliko harusi yangu, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu kule kijijini Ziwa, nikiwa na mikono mepesi na haraka ya kusifiwa. Kukama, kufagia, kuteka maji, vyote nilitaka viishe kabla jua halijatua.

Baba mkwe wangu, babu yake mume wako, macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kazi yake ilikuwa moja: kufunga ndama jioni ili ng'ombe wakamwe. Alikuwa anavaa gambuti zake za mpira polepole, anapapasa ua mpaka zizini, anawafunga mmoja mmoja huku akiwasemesha. Sisi tunangoja. Ugali unangoja. Mimi nachemka moyoni.

Basi jioni hiyo nikawafunga wote kabla hajapata gambuti ya pili. Alipofika zizini alishika kamba moja, akashika nyingine, akasimama. Alirudi ndani akakaa, nami nikajiona nimemsaidia kweli, mjinga mimi.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifuata nikikama akasema, "Wewe msichana, umemaliza kazi yote. Sasa huyu mzee atakuwa nani kwa hii boma?"

Kesho yake alinituma nikamwite. "Baba, ndama wamenishinda," nikamwambia. Alitoka. Lakini tangu siku hiyo alikuwa anasimama kwanza mlangoni na kuuliza, "Bado kuna kazi?" Aliuliza hivyo kila jioni mpaka alipotuacha.

Sasa nisikilize. Tangu tumzike Mzee wangu, baba mkwe wako, mkanitoa shambani, mkanileta hapa mjini kwenu, mtaa huu wa West Indies, sijakosa kitu. Nyumba yako imepangika, na nakusifu mbele ya akina mama wa kanisa. Jumapili jioni sare za shule zimeshapigwa pasi na viatu vimepigwa rangi, kwa hivyo Jumatatu hakuna anayelilia soksi. Mtoto mkubwa anaosha vyombo, mdogo anapanga meza, mume wako anatoa takataka. Kijana wangu huyo, ambaye kwangu hakuwahi kushika ufagio! Ratiba umeibandika jikoni na kila mtu ana jina lake. Nimeisoma mara nyingi mkiwa mmetoka. Langu halipo.

Najua umefanya hivyo kwa heshima. Nikiinuka tu unaniambia, "Mama, wewe pumzika." Napumzika, mwanangu. Napumzika mpaka nasikia saa ya ukutani ikitembea. Mnarudi, mnapishana jikoni, mnataniana, na mimi niko kwa kochi kama mgeni aliyesahau kuaga. Upweke wa nyumba tupu niliuonja kule Ziwa kabla hamjaja kunichukua, nikauzoea. Huu wa nyumba iliyojaa watu ndio unaoniumiza.

Kwa hivyo shika neno langu, na siku moja uwaambie watoto wako. Endelea kupanga nyumba, maana nyumba yenye utaratibu ina kelele kidogo na uchovu kidogo. Lakini unapogawa kazi, usimruke mtu kwa sababu anaenda polepole. Mpe inayomtosha, halafu umngoje. Chakula kikichelewa kidogo hakuna atakayekufa. Na ukitaka kumheshimu mzee, muulize anaweza nini kabla hujamwambia akae.

Mungu akubariki wewe na mikono yako. Azidishe amani chini ya paa hili, na uzeeni watoto wako wakutunze na wakuhitaji pia. Leo ukitoka kazini pitia sokoni uniletee mboga za managu. Nitachambua mimi, na msinisaidie.