Vizibo Kumi vya Mwalimu Kokushubila

Mwalimu Kokushubila alipostaafu kufundisha hisabati alifungua kibanda cha uwakala wa pesa za simu pale Kimara, na waliokuwa wanafunzi wake wakawa wateja. Asubuhi hiyo Bupe, muuza mboga, alimsukumia simu yake ya kitochi dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nitolee elfu ishirini. Namba ya siri elfu mbili na sita."

Aliitamka kama anayenadi mchicha. Foleni nzima ikasikia.

"Marahaba. Na ada ya chuo ya Hope imo humu humu?"

"Yote."

"Sasa mtaa huu nani hakula pilau la ubatizo wa Hope? Unaitwa Mama Hope kutwa nzima, halafu siri yako ni mwaka aliozaliwa! Siri ya muuza mchicha haina tofauti na siri ya waziri. Badilisha leo hii."

"Kwani ziko namba ngapi? Nafasi nne, kila moja kumi... arobaini."

"Arobaini!" Mwishehe, fundi viatu, akadakia kwenye foleni. "Ndiyo maana chenji unatupunja!"

Mwalimu alicheka mpaka machozi. Jibu lile lile la mwaka tisini na nane, darasa lile la madirisha yasiyo na vioo, Bupe dawati la mbele akijumlisha palipotaka kuzidisha. Angetoa chochote asimame tena mbele ya wanafunzi wale themanini, chaki imejaa kwenye kucha!

"Kumi mara kumi mara kumi mara kumi, we Bupe. Elfu kumi. Na ukikosea mara tatu akaunti inajifunga. Asiyekujua ana nafasi tatu katika elfu kumi. Anayekujua hahitaji bahati."

Akatoa kopo la maziwa lenye vizibo kumi vya soda, vimeandikwa sifuri hadi tisa.

"Chomoa, rudisha, tikisa. Mara nne."

"Nirudishe cha nini?"

"Kila mara viwe kumi."

"Saba ikitoka mara mbili?"

"Iache. Kizibo hakikumbuki."

Bupe akasita. "Mie nakumbuka. Nikibonyeza ile ya zamani namwona Hope mchanga."

"Na ada ikiibwa utamwona Hope nyumbani."

Bupe akachomoa, akabonyeza taratibu. Kisha, kwa mazoea, akainua simu. "Mwalimu, hebu tazama, nimepatia?"

Mwalimu alikwisha kugeukia ukuta. "Hata mimi usinionyeshe!"

"Imekubali!" Bupe akapiga kelele.

Mwalimu hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukipapasa kaunta, ukitafuta kalamu nyekundu ya kusahihishia.